Nani Alifunga Mkanda

Rafiki niliyempoteza ni mtu wa Tanga. Mimi kwetu Morogoro. Tulikutana London, katika chumba cha kubadilishia nguo cha nyumba ya kulelea wazee, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nahangaika na zipu ya sare iliyonizidi ukubwa, nikasema kwa Kiswahili neno moja ambalo siwezi kuliandika hapa. Nyuma yangu mtu akacheka.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani nimebaki peke yangu humu ndani."

Alikuwa amenizidi umri, kwa hiyo nikamwita dada, na yeye akaniita mdogo wangu, au mwaya siku akiwa na furaha. Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa, alimwita mama mkubwa. Krismasi alikuja kwetu Barking, na Idi sisi tulikwenda kwake Thamesmead. Ukisimama ukingoni mwa mto upande wetu, Thamesmead unaiona pale ng'ambo, majengo yake na hata nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza kama macho yako ni mazima. Lakini daraja hakuna. Inabidi uzunguke kwa treni hadi Stratford, upande treni nyingine ikuvushe mto, kisha utafute basi. Dada alisema Waingereza walitupanga hivyo makusudi tusije tukachoshana.

Kazi yetu ilikuwa kuwaamsha wazee, kuwaosha, kuwavisha na kuwapeleka mezani. Wasioweza kusimama tuliwahamisha kwa mashine tuliyoiita hoisti. Ina mkono wa chuma wenye kulabu. Unampitishia mgonjwa kitambaa kigumu mgongoni na chini ya mapaja, unatia mikanda ya kitambaa hicho kwenye kulabu, unabonyeza kitufe, naye anapanda taratibu, kisha unamsogeza hadi kwenye kiti chake. Utaratibu ulitaka muwe wawili, mmoja kila upande, na kabla ya kunyanyua kila mmoja akague mkanda wa mwenzake. Mimi na dada tulikuwa tumeifanya kazi hiyo pamoja mara nyingi mno, hatukuhitaji hata kuambizana.

Asubuhi niliyoumia tulikuwa pungufu, kuna mwenzetu hakuja. Tulikuwa tunamtoa kitandani bibi mmoja ambaye zamani alifundisha piano. Mimi nilishika kidude cha vitufe, dada alikuwa ng'ambo ya kitanda. Bibi akapanda, tukamsogeza, na alipokuwa karibu kufika juu ya kiti mkanda wa bega lake la kushoto ukachomoka kwenye kulabu. Akaanza kuteleza upande. Sikuwaza. Nilimdaka nikiwa nimejipinda, uzito wake wote ukaja mikononi mwangu, na chini ya mgongo wangu kitu kikalia.

Bibi alitua kitini salama, akauliza kama chai iko tayari. Mimi nilishindwa kunyooka.

Dada ndiye aliyenilaza sakafuni, akanivua viatu, akapiga simu, akapanda nami kwenye gari la wagonjwa bila kumuuliza meneja. Hospitalini waliniambia kwamba ile nyama laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mguu wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nilipewa dawa na miadi ya mazoezi ambayo ilikuwa mbali sana, nikarudishwa nyumbani.

Majuma yaliyofuata, dada alizunguka njia ile yote ya treni na basi akiwa na mabakuli ya mchuzi wa nazi kwenye mfuko. Alimsuka binti yangu. Alifua. Nilipokuwa siwezi kuingia bafuni peke yangu aliniogesha, na aliniogesha vile tulivyofundishwa kuwaogesha wazee: kuanza na uso, kufunika sehemu usiyoiosha, kumwambia mtu kila unachotaka kufanya kabla hujafanya. "Sasa nakuosha mkono wa kushoto, mpenzi," alisema kwa sauti ile ile ya kazini, tukacheka, na kucheka kukaniumiza nikamsihi anyamaze.

Mshahara wa ugonjwa ulikuwa haba. Upo msaada wa serikali kwa walioumia kazini, na kwa haki yake niseme kwamba msaada huo hauulizi kosa ni la nani. Wanakuita, mtaalamu anakutazama ukiinama, ukitembea, ukiinua mguu, kisha wanasema mwili wako umepungua asilimia fulani. Mimi nilionekana sijapungua vya kutosha. Nilimwambia dada, akaghadhibika kuliko mimi.

"Nenda kwa wakili," alisema. "Kampuni ina bima kwa ajili ya mambo kama haya. Ni haki yako, mwaya, usione haya."

Kwa hiyo ni yeye aliyenituma. Hilo sijalisahau.

Wakili alikuwa kijana mpole mwenye ofisi juu ya duka la simu. Alinieleza kwamba nisiposhinda sitamlipa chochote, akaniletea mto wa kuegemea, akaniomba nisimulie asubuhi ile kuanzia nilipoingia chumbani. Nilisimulia. Aliuliza kama mashine ilikuwa mbovu, nikamwambia sidhani. Aliahidi kufuatilia. Nilipokwenda tena alikuwa amekwisha fuatilia: mashine ilikuwa imekaguliwa kwa wakati, mafunzo tulikuwa tumepewa, kila kitu cha kampuni kilikuwa sawasawa.

"Basi turudi kwenye ule mkanda," alisema. "Nani aliufunga?"

"Ulikuwa upande wa mwenzangu."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Nadhani. Tulikuwa tunafanya haraka. Sikumtazama mkono."

Aliinamia meza akaandika, na nikaona amefarijika kidogo. Nikamwambia, "Huyo ni rafiki yangu. Ni zaidi ya rafiki."

"Nakuelewa," alisema. "Lakini humshtaki yeye. Sheria inasema mfanyakazi akikosea akiwa kazini, kosa lake ni la mwajiri. Bima ya kampuni ndiyo italipa. Yeye hatatoa hata senti moja."

"Na kama hakuna aliyekosea? Kama mkanda ulichomoka tu?"

Alinitazama kwa huruma, naamini ilikuwa huruma ya kweli. "Basi itakuwa ajali tu," alisema. "Na ajali tu hailipwi."

Nilirudi nyumbani kwa basi nimesimama, maana kukaa ndiko kulikoniuma zaidi, nikilirudia jibu hilo.

Jumapili yake nilizungumza kwa simu na mdogo wangu wa kiume. Yeye anaishi New Zealand, alikomfuata mkewe aliyepata kazi ya uuguzi, na kwao ilikuwa tayari jioni. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa ameanguka. Alipanda ngazi kusafisha mifereji ya bati la nyumba yake mwenyewe, siku ya mapumziko, ngazi ikateleza, akavunjika bega. Nilimsimulia habari za wakili kisha nikamuuliza yeye alimshtaki nani.

"Nimshtaki nani, dada? Ngazi?"

"Sasa umeishije muda wote huu bila kazi?"

Ndipo akanieleza. Kwao ukiumia kwa ajali, iwe kazini, nyumbani, barabarani au uwanjani, unakwenda kwa daktari, daktari anaingiza maelezo kwenye kompyuta, na dai lako limekwisha anza safari. Hata mgeni aliyekuja kutalii akianguka anatibiwa kwa mpango huo huo. Kuna shirika la taifa linalosimamia. Matibabu linalipia, yote au sehemu kubwa, na ukishindwa kufanya kazi, baada ya wiki ya kwanza linakulipa sehemu nne katika tano za mshahara wako mpaka upone. Yeye alipelekwa kwenye mazoezi kwa teksi. Alitumiwa mwanamke wa kumsaidia kuanika nguo na kupika, kwa sababu mkewe alikuwa na zamu.

"Hawakukuuliza ngazi iliwekwa na nani?"

"Daktari aliuliza nimeangukaje. Nikamwambia ni ujinga wangu, niliiegemeza kwenye majani mabichi. Akacheka, akaandika nimeanguka kutoka kwenye ngazi. Basi."

"Fedha zinatoka wapi?"

"Kwetu sote. Mshahara unakatwa kidogo, waajiri wanachangia, ukijaza gari mafuta imo humo humo."

"Na kama kuna mtu angekusukuma?"

"Ningelipwa vile vile. Lakini nisingeweza kumpeleka mahakamani anilipe fidia. Hayo ndiyo makubaliano. Watu waliiacha haki ya kushtakiana, wakapata hii badala yake. Akifanya jinai polisi watamchukua, akiwa mzembe kazini mwajiri atachunguzwa, lakini hayo ni mambo mengine, hayahusiani na bega langu."

Kilichonipata kilikuwa wivu, tena wivu mkali. Sikuwaza fedha. Nilimwonea wivu kwa sababu aliweza kusema "niliteleza" na neno hilo likatosha.

Wakili alipeleka madai. Kampuni ya bima ikajibu kwamba inachunguza, na meneja wetu akamwita dada ofisini. Alinipigia akitoka.

"Wanataka niandikishe maelezo," alisema. "Nisemeje?"

"Sema ilivyokuwa."

"Ilikuwaje, mwaya? Mimi nakumbuka ulibonyeza sijamaliza."

Nilishtuka. "Ulisema tayari."

"Nilisema ngoja."

Kisha akasema mvua imeanza kwao, nami nikatazama dirishani nikamwambia huku bado.

Baada ya hapo wakili alinishauri nisizungumze habari za asubuhi ile na shahidi yeyote, na meneja alimshauri dada vivyo hivyo. Ulikuwa ushauri wa busara, sina ugomvi nao. Ila watu wawili waliokuwa wakiambizana kila kitu walianza kuulizana hali ya hewa. Alikuja mara mbili tatu zaidi na mabakuli yake. Alikaa ukingoni mwa kochi na koti lake amelivaa. Nilitaka kumwambia kwamba huenda kweli alisema ngoja, kwamba kelele za redio ya bibi zilikuwa kubwa, kwamba sijui. Badala yake nilimuuliza habari za goti lake lililokuwa likimsumbua. Akaniuliza habari za mguu wangu. Halafu akaanza kuwa na shughuli nyingi.

Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, aliuliza mbona mama mkubwa haji siku hizi. Nilimwambia ana kazi nyingi. Akaniuliza kama tumegombana. Nikasema hapana, na ulikuwa ukweli mtupu, hatukuwahi kupandishiana sauti hata siku moja.

Mambo yalichukua zaidi ya mwaka. Nilipimwa na daktari wao na daktari wetu. Nilieleza mara nyingi jinsi nilivyosimama, mguu upi ulikuwa mbele, nilishika nini kwa mkono upi. Mwishoni watu wa bima walikubali kwamba kulikuwa na uzembe wakati wa kufunga mkanda, wakasema na mimi ninabeba sehemu kwa kutoukagua kabla ya kubonyeza, na kwa sababu hiyo wakapunguza fidia. Wakili alinishauri nikubali. Alinipigia simu asubuhi moja akasema, "Tumeshinda."

"Na yule mwenzangu?"

"Hayo ni kati yake na mwajiri wake," alisema, na sauti yake ikashuka kidogo.

Baada ya bima kulipa kwa msingi kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe, kampuni haikuweza kujifanya haijasikia. Walimwita dada kwenye kikao cha nidhamu. Alikwenda kikao cha kwanza. Cha pili hakukisubiri, aliacha kazi. Hayo sikuambiwa na yeye. Nilisikia kwa dada mmoja wa Kikongo aliyekuwa akipika pale kazini, tulipokutana sokoni Barking, aliyedhani najua.

Nilimpigia simu. Haikupokelewa. Nilimpigia tena kesho yake, akapokea, akasema yupo kwenye basi hasikii vizuri, atanipigia. Nilisubiri apige.

Miaka kadhaa ikapita hivyo. Mgongo ulipata nafuu, si kupona. Siwezi tena kazi ya kunyanyua watu, na sasa nakaa mapokezi kwenye kituo cha afya, nasimama kila baada ya muda kujinyoosha, na wagonjwa wamenizoea. Fidia ilinisaidia, siwezi kusema uongo. Ilitubakiza kwenye fleti yetu kipindi kibaya.

Kisha kazi ilimleta mdogo wangu London kwa wiki moja. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Nilijua kwamba mkewe amepata kiharusi mwaka uliotangulia, tulizungumza sana wakati ule, lakini kwenye simu watu hufupisha. Asubuhi yake ya kwanza, tukinywa chai jikoni, nilimwambia nilichokuwa nimemwambia mara nyingi, kwamba wao kule wana bahati, serikali yao inajua kutunza watu.

Aliweka kikombe chini. "Dada, kiharusi si ajali."

Sikuelewa.

"Mpango ule ni wa ajali. Umeanguka, umegongwa, umeungua, hata daktari akikuharibu katika matibabu, uko ndani. Ukiugua uko nje. Mimi nilipovunjika bega walinitumia mtu wa kuanika nguo. Yeye mkono wake umekufa kabisa, na nguo tunaanika wenyewe. Aliomba msaada ule wa kawaida wa wagonjwa, wakatazama mshahara wangu wakasema tunajiweza."

"Lakini ni mkono ule ule. Nyumba ile ile."

"Nimewaambia hivyo hivyo. Yule binti wa kwenye simu alikaribia kulia. Alisema laiti angekuwa ameanguka kwanza." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Na jirani yetu aliyeumia mgongo kama wewe, walimtibu kwanza, halafu wakasema picha inaonyesha ni mgongo uliochakaa kwa umri, si ajali, wakasitisha. Sasa anabishana nao kama wewe ulivyobishana na bima. Sisi hawatuulizi nani alikosea. Wanatuuliza kama ni ajali au ni ugonjwa. Ni afadhali, dada, ni afadhali sana, usinielewe vibaya. Ila usiione kama pepo."

Nilimwangalia akizungusha kikombe kwa mkono wa bega lililopona, nikaona aibu kwa ule wivu wa siku zile, ambao hakujua kwamba nilikuwa nao.

Baadaye ndipo alipouliza habari za dada wa Tanga. Alimjua, maana safari yake ya mwanzo kabisa London alilala kwake wiki nzima fleti yangu ilipokuwa inarekebishwa. Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulishtaki kampuni," alisema, "akafukuzwa yeye."

"Hakufukuzwa. Aliacha."

"Twende tukamsalimie."

Nilitoa sababu mbili tatu. Hakuzisikiliza. Alimpigia mwenyewe kwa simu yangu, na alipojitambulisha nikasikia sauti ya dada ikipanda kwa furaha, ikisema karibuni, karibuni sana, Jumamosi nipo.

Tulizunguka kwa treni na basi. Alitufungulia mlango akamkumbatia mdogo wangu, kisha mimi, kwa uangalifu, mikono yake ikikwepa mgongo wangu. Alikuwa na chai ya tangawizi na visheti. Alitusimulia kazi yake mpya katika jiko la shule, watoto wanavyokataa mboga. Alipata habari za mke wa mdogo wangu, akamwombea dua pale pale mezani, akamuuliza maswali ya mtu anayejua kutunza wagonjwa: anameza vizuri? Analala upande gani? Mnamgeuza? Mdogo wangu alijibu yote, akatoka kibarazani akisema anataka kuuona mto. Alituachia nafasi, nalijua hilo.

Nilisema, "Dada, mimi sikutaka iwe vile."

"Najua."

"Wakili alisema haitakugusa."

"Najua. Na mimi ndiye niliyekwambia uende kwake." Alikusanya makombo ya visheti kwa kidole. "Sikukasirika kwamba ulidai, mdogo wangu. Watu wanadhani ni hilo. Kule kwenye kikao yule mwanamke wa ofisini alinisomea maelezo yako. Humo ndani mimi nilikuwa mfanyakazi wa pili. Mwanzo hadi mwisho. Mfanyakazi wa pili alifanya hivi, mfanyakazi wa pili hakufanya vile. Nikajisemea, huyu mtu nimemwogesha."

Nikasema, "Maneno yale aliyaandika wakili."

"Na yangu aliyaandika meneja. Uliyasoma?"

Nilikuwa nimeyasoma. Yalisema mimi ni mtu wa pupa, ambaye mara nyingi hasubiri mwenzake.

"Niliyasoma," nilisema.

"Basi. Yameandikwa na watu, tumetia saini sisi."

Kibarazani mdogo wangu alikohoa. Nikamuuliza swali ambalo kwa muda wote ule tulikuwa tumekatazwa kuulizana, ingawa sasa hapakuwa na wa kutukataza. "Kweli ulisema ngoja?"

Alifikiri kwa muda mrefu, nikaona anajaribu kweli.

"Sijui tena," alisema. "Nimeulizwa mpaka sijui kama nakumbuka chumba kile au nakumbuka majibu yangu. Wewe?"

"Mimi pia sijui."

"Unaona," alisema, akainuka kuchemsha maji mengine.

Nilitegemea kwamba baada ya hapo kitu kingelegea. Labda kililegea kwa dakika chache, maana alirudi na chai akanitania kwamba nimenenepa kwa kukaa kitini. Lakini mdogo wangu aliporudi ndani tulizungumza mambo ya watu wote, bei za nyumba, hali ya nyumbani, na tulipoaga alitusindikiza hadi kwenye lifti akasema, "Ahsanteni kwa kuja, karibuni tena," kama unavyowaambia wageni. Mdogo wangu alinishika mkono njia nzima hadi kituo cha basi.

Idi iliyofuata nilimtumia ujumbe. Akajibu kwa upole, na Krismasi akautuma wake. Tunaendelea hivyo.

Mwezi uliopita alikuja pale mapokezi mama mmoja wa Tanga kuchukua dawa, tukaanza mazungumzo, na katika kuulizana nani anamjua nani akamtaja. Akasema maskini, lile goti lake hatimaye limefanyiwa upasuaji, alikuwa hawezi hata kushuka ngazi. Nikauliza lini. Akasema zamani kidogo, kabla ya mfungo.

Wakati wa mapumziko nilitoka nje nikampigia. Alipokea haraka safari hii.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nikusumbue na mgongo wako? Nimekwisha pona, natembea."

"Nani alikuwa anakupikia?"

"Majirani. Watu wa msikitini. Sikulala na njaa." Alisema hivyo kwa wema kabisa, wala hapakuwa na lawama ndani yake, na nadhani ningependa iwepo. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Yuko chuo sasa."

"Mashallah. Msalimie sana."

Nikasema nitamsalimia. Alisubiri kidogo kuona kama nina neno jingine, na mimi nilisubiri pia, kisha akasema basi, chungu chake kiko jikoni, tukaagana.